Baada ya Upasuaji wa Taya: Kumuuguza Mgonjwa Nyumbani Siku Kumi za Mwanzo

Mdogo wangu alipotoka wodini baada ya kukatwa na kupangwa upya taya zote mbili, mimi nilikuwa nimejiandaa kwa maumivu. Dawa zilikuwepo, dua ilikuwepo, na moyo wa kukesha pia. Maumivu yenyewe yakaja kwa kiasi tu. Kilichotutoa jasho ni chakula. Siku ya tatu ulimi wake ulikuwa umekauka, mkojo una rangi ya chai ya rangi, na mwenyewe kageukia ukutani hataki hata kuandika kwenye daftari. Nikadhani ni ugonjwa mpya. Kumbe ni kiu na njaa.

Kwa hiyo mwongozo huu utakaa jikoni zaidi kuliko kwenye kabati la dawa. Nauandika kwa ajili ya yule anayeuguza, maana siku hizo mgonjwa hana nguvu ya kusoma. Na panapotofautiana na alivyosema daktari wako, la daktari ndilo.

Kwanza jua kilichofanyika

Kwenye karatasi ya ruhusa utakuta pengine maneno mawili ya ajabu. La kwanza ni Le Fort I: taya la juu limekatwa juu ya mizizi ya meno, likasogezwa, likafungwa kwa vibati na skrubu za titani. Jina hilo ni la René Le Fort, daktari Mfaransa ambaye mwaka 1901 alieleza mistari ambayo mifupa ya uso huvunjikia. La pili ni BSSO: taya la chini limepasuliwa pande zote mbili, nyuma karibu na magego, likasogezwa mbele au nyuma. Wengine hufanyiwa moja, wengine yote, na wengine huongezewa kidevu.

Ukijua hivyo utajua cha kutazamia. Aliyeguswa taya la juu pua itaziba na kuchuruzika damu. Aliyeguswa la chini atakuwa na ganzi mdomo wa chini na kidevuni, kwa sababu mshipa wa fahamu hupita ndani ya mfupa uleule uliopasuliwa. Ganzi hiyo hukaa wiki kadhaa, mara nyingi miezi, na kwa baadhi ya watu sehemu yake haiishi kabisa. Hiyo ndiyo sababu maumivu ni madogo kuliko unavyodhani. Ndiyo sababu pia anaweza kuungua kwa uji asijue.

Kabla hajaruhusiwa

Usisubiri siku ya kutoka ndipo uanze kuzunguka madukani. Sisi tulitoka jioni, na bomba la sindano lenye mdomo mrefu tulilipata kwenye duka la dawa la nne. Tafuta mapema:

- mabomba mawili ya sindano ya ml 50 au 60, yasiyo na sindano, yenye mdomo mrefu unaoweza kuvalishwa kipande cha mpira laini
- blenda, na chujio la chuma la matundu madogo kabisa
- chupa mbili za chai
- mswaki wa mtoto, ule laini wenye kichwa kidogo
- mafuta ya mgando kwa ajili ya midomo
- mito mitatu na taulo za rangi nzito, kwa sababu ya damu na mate
- daftari na kalamu, ingawa vijana watatumia simu

Halafu, kabla hujatoka wodini, mwulize daktari au muuguzi mambo haya na uyaandike. Taya zimefungwa kwa raba au kwa waya, na nani anaruhusiwa kuzitoa? Aanze lini kusukutua kwa dawa, na kupiga mswaki? Dawa zote zipo za maji, na kama ni vidonge, vipi vinaweza kusagwa? Maana si kila kidonge husagwa. Vile vilivyotengenezwa kuyeyuka polepole tumboni ukivisaga unampa dozi yote kwa mkupuo. Na la mwisho: usiku tukipata shida tupige namba gani?

Kama taya zimefungwa, usiondoke mpaka uoneshwe kwa kidole mahali pa kukata wakati wa dharura. Raba zinahitaji mkasi mdogo, waya zinahitaji koleo la kukatia. Kifaa hicho kifungwe kamba na kining'inie kitandani pa mgonjwa. Huenda kisitumike hata mara moja, lakini kisiingie kwenye droo.

Safari ya nyumbani isiwe ya bodaboda wala ya daladala. Akae kiti cha mbele, kichwa kimeegemea, na mkononi ashike mfuko wa kutapikia.

Usiku wa kwanza

Alale chali, kichwa na kifua vimeinuka. Mito peke yake huteleza usiku kucha. Njia ya zamani inafaa zaidi: pindua kiti cha mbao, kiingize chini ya godoro upande wa kichwani, mgongo wa kiti uwe mteremko wa kuegemea. Alale hivyo wiki mbili za mwanzo. Uvimbe hupungua na pua hupumua.

Atatoka mate yenye damu nyeusi nyeusi na yenye kunata. Hiyo ni kawaida. Pua ikichuruzika, mkalishe, ainame mbele kidogo, uweke barafu iliyofungwa kitambaa juu ya pua. Asipenge kamasi kabisa mpaka daktari amruhusu, na hiyo kwa kawaida ni baada ya wiki mbili au zaidi. Akitaka kupiga chafya asijizuie wala asibane pua; hewa itokee mdomoni.

Pua imeziba, meno yamefungwa, usiku wa manane: hapo mgonjwa huona anakufa. Mkalishe wima. Mshike mkono. Mwambie avute hewa polepole kupitia mapengo ya meno na pembeni mwa mashavu, ambako hewa inapita vizuri kuliko anavyodhani. Kama ameandikiwa dawa ya matone ya pua, mpe. Dakika tano baadaye mara nyingi mambo hutulia. Lakini akihangaika kweli kupumua, midomo inabadilika rangi, au anatoa mlio kooni, kata raba na mkimbie hospitali.

Kutapika nako kunatisha. Damu aliyoimeza wakati wa upasuaji huchafua tumbo, na dawa ya usingizi inaongeza. Usimlaze. Ainame mbele, uso uangalie chini, umfungulie midomo pembeni. Alichonacho tumboni ni maji matupu, na maji hupita kati ya meno. Akimaliza, asukutue taratibu na umbadilishe taulo.

Barafu, halafu uvuguvugu

Saa 48 za mwanzo ni za barafu: dakika 20 shavuni, dakika 20 pumzika, wakati wote akiwa macho. Ifunge kwenye kitambaa, kamwe isiguse ngozi, na kila mara tazama ngozi yenyewe. Yeye hasikii, kwa hiyo macho yako ndiyo hisia yake.

Uvimbe hufikia kilele siku ya pili na ya tatu. Uso unaweza kuwa mkubwa kuliko ulivyokuwa wodini, na watu wengi huchanganyikiwa hapo wakidhani mambo yameharibika. Hayajaharibika. Michubuko nayo hushuka, leo iko shavuni, kesho shingoni, kesho kutwa kifuani, ikigeuka kutoka zambarau kuwa njano. Baada ya saa 48 barafu haina faida kubwa tena. Kitambaa cha uvuguvugu ndicho kinachosaidia.

Nasema uvuguvugu. Siku ya pili shangazi yetu alikuja na sufuria ya maji ya moto, kwa upendo wote, akamkanda mgonjwa kama anavyokandwa mzazi. Mgonjwa alikaa kimya, kwani hakusikia chochote. Tulipotoa kitambaa shavu lilikuwa na alama nyekundu iliyodumu wiki nzima. Kukanda kwa maji ya moto hapana. Kujifukiza hapana pia siku hizi, hata kama pua imeziba. Moto huamsha damu, na uso wenye ganzi haujui kuukimbia.

Kulisha: kazi yenyewe

Hesabu ni hii. Mtu mzima anahitaji walau lita 2 za vitu vya majimaji kwa siku, na kwenye joto la pwani zaidi ya hapo. Bomba la ml 50 linaingia mara 40 kwenye lita 2. Mgonjwa akiwa macho saa 16, ni bomba mbili na nusu kila saa. Ukingoja milo mitatu hutafika. Mlishe kila saa, kama mtoto mchanga, na kila bomba lichore mstari kwenye daftari. Tulipoanza kuchora mistari ndipo tulipogundua kwamba siku tuliyodhani amekula vizuri alipata nusu lita.

Namna ya kulisha:

1. Akae wima kabisa, taulo kifuani, kioo mbele yake. Kwa ganzi ile hajui mdomo ulipo, kioo kinamsaidia.
2. Jaribu chakula kwa kukidondoshea ndani ya kiganja chako cha mkono. Kiwe uvuguvugu.
3. Vuta shavu kidogo kwa kidole kisafi, ingiza mpira wa bomba pembeni, kati ya shavu na meno, kuelekea nyuma. Usiguse mishono.
4. Sukuma ml 5 tu. Ngoja ameze. Sukuma tena. Ukiharakisha atapaliwa.
5. Siku ya pili au ya tatu mpe bomba ashike mwenyewe. Atamwaga, na nguo zitachafuka, lakini atakula zaidi kuliko unavyomlisha wewe, kwa sababu anajua lini yuko tayari kumeza.
6. Kila akimaliza, bomba moja la maji safi kuoshea meno.

Mrija usimpe siku hizi. Kunyonya kunavuta vidonda. Ganzi na uvimbe vikipungua ataweza kunywa kwa kikombe chepesi, na hapo utapumua.

Sasa ndani ya bomba kiwe nini? Siku ya kwanza anaweza kuanza na maji, maji ya madafu, chai ya maziwa iliyopoa, na supu iliyochujwa. Kuanzia siku ya pili au ya tatu lazima uingize nguvu, la sivyo atakonda mbele ya macho yako. Kupungua kilo chache ni jambo la kawaida hata kwa anayelishwa vizuri. Kanuni yangu: tumbo lake linapokea kidogo, basi hicho kidogo kiwe kizito kwa lishe na chepesi kwa kupita.

Uji wa ulezi uliopikwa mwepesi, ukaongezewa kijiko kikubwa cha siagi ya karanga iliyosagwa laini na kikombe cha maziwa, ndio uliotuvusha. Uji wa mchele kwa tui zito la nazi ni mtamu zaidi na hushuka bila kukwama. Mtori, kwa wanaoujua, umezaliwa kwa kazi hii: ndizi na nyama vichemke mpaka vilegee, toa mifupa yote, saga, chuja, ongeza mchuzi. Kuku wa kienyeji vivyo hivyo, na viazi na karoti. Hapa pana hatari moja: vipande vya mfupa. Mfupa utolewe kwa mkono kabla ya kusaga, kisha uchuje mara mbili. Maharage yasagwe na yachujwe, maganda yabaki kwenye chujio. Parachichi na maziwa, ndizi mbivu na mtindi, papai lililosagwa.

Kuna desturi ya kumpa mgonjwa yai bichi kwenye maziwa. Iache. Yai bichi linaweza kubeba vijidudu vya kuharisha, na mtu huyu hana akiba ya maji ya kupoteza. Lichemshe liive, ulisage ndani ya supu. Protini ni ileile.

Juisi za ubuyu, ukwaju na ndimu zinachoma vidonda, ziahirishe. Mbegu za pasheni, pera na nyanya hujibanza kwenye mishono. Pilipili, nadhani, sina haja ya kuitaja.

Umeme ukiwa wa kubahatisha, saga asubuhi vya kutosha nusu siku, hifadhi vya moto kwenye chupa ya chai na vya baridi kwenye friji. Kilichokaa nje saa nyingi kimwagwe. Mwenye kisukari apangiwe chakula chake na daktari kabla ya kutoka.

Kipimo cha kazi yako ni mkojo. Ukiwa wa njano hafifu na anakwenda mara kadhaa kwa siku, unafanya vyema. Ukiwa mzito na adimu, ongeza maji kabla hujafikiria kingine chochote. Na kwa Waislamu mfungo ukikutana na siku hizi: mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga na kulipa baadaye, basi asione haya kuitumia. Swala pia aswali amekaa, maana kusujudu kunapeleka damu usoni.

Dawa

Zipe kwa saa, si kwa kusikia maumivu. Parasetamoli kwa mtu mzima isizidi gramu 4 ndani ya saa 24, na kumbuka kwamba dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake. Ukitumia ya maji ya watoto soma lebo: ile ya mg 120 kwa ml 5 itakulazimu kumpa zaidi ya ml 40 kufikisha gramu moja, wakati ile ya mg 250 kwa ml 5 inatosha ml 20. Ibuprofeni au diklofenaki ni kwa aliyeandikiwa tu, na baada ya chakula. Mwenye vidonda vya tumbo au figo amwambie daktari. Asprini usimpe kwa kujiamulia, inaongeza kutoka damu. Antibiotiki imalizwe yote.

Dawa kali za maumivu, za jamii ya kodeini na tramadoli, hufunga choo. Papai, maji na kutembea husaidia. Siku tatu zikipita bila choo, piga simu.

Kinywa

Harufu itakuwepo. Damu ya zamani, maziwa, nyuzi. Inatoka kwa usafi. Maji ya chumvi ya uvuguvugu, nusu kijiko cha chai kwenye glasi, asukutue taratibu kila baada ya chakula na kabla ya kulala, na dawa ya klorheksidini kama alivyoandikiwa, kwa kawaida mara mbili kwa siku. Asiteme kwa nguvu. Aache maji yadondoke. Mswaki wa mtoto uanze kwenye meno ya mbele na brasi (zile waya za kunyooshea meno), ukikwepa mishono ya fizi. Raba ikikatika usivumbue mtindo wako: zipigwe picha zilivyokaa siku ya kutoka, na usipokuwa na uhakika piga simu uulize.

Midomo ipakwe mafuta ya mgando kila saa. Itapasuka usipofanya hivyo, na mdomo uliopasuka ndio aliolalamikia mdogo wangu kuliko mfupa uliokatwa.

Sigara, shisha, ugoro na mirungi, hapana. Pombe hapana.

Huzuni na wageni

Kati ya siku ya tatu na ya kumi wengi hulia. Sura kwenye kioo si ya zamani wala si ile waliyoahidiwa, chakula kinanukia jirani nao hawali, na hawawezi kuongea. Usimwambie "wewe ulitaka mwenyewe". Mwambie ukweli: sura hii ni uvimbe, sehemu kubwa itashuka ndani ya wiki chache, na iliyobaki huchukua miezi.

Wageni watakuja kutoa pole, ndivyo tulivyo. Wapokelee sebuleni. Wakiingia, iwe dakika kumi, na yule mjomba mchekeshaji abaki nje; kucheka kunaumiza kweli. Nyumba nayo isikae kula nyama choma mbele yake.

Atembee. Siku ya pili azunguke ndani, siku ya nne ua mzima, taratibu. Damu ikilala miguuni inaweza kuganda. Asibebe mzigo wala kuinama kwa kazi.

Usingoje kliniki ukiona haya

Damu nyekundu mbichi inayotiririka bila kukoma baada ya kukaa wima na kuwekewa barafu. Homa ya nyuzi 38 na zaidi. Uvimbe unaoongezeka upya baada ya siku ya tano, hasa upande mmoja, au usaha na ladha mbaya isiyotoka kwa kusukutua. Meno yaliyokuwa yanakutana ghafla hayakutani. Kushindwa kumeza hata mate. Maumivu ya kigimbi cha mguu mmoja uliovimba, au kifua kubana na pumzi kuwa fupi. Kwa damu, pumzi na kifua usipige simu kwanza, nenda.

Kliniki ya kwanza

Kwa kawaida ni ndani ya wiki ya kwanza au ya pili. Beba daftari lenye mistari ya mabomba, dawa zote zilizobaki, na chakula kwenye chupa, maana foleni haijali saa ya kulishwa. Uliza tarehe tatu: lini raba zitalegezwa, lini apenge kamasi, na lini atafune. Kutafuna mara nyingi ni baada ya wiki sita hivi, wakati mfupa umeanza kushikana. Wali laini utakuja kabla ya hapo, wa kubonyeza kwa ulimi. Mdogo wangu aliuliza kuhusu mishikaki. Daktari alicheka, akaandika tarehe kwenye daftari letu, chini ya mistari.